Debe Moja ya Maji na Uso wa Tewa

Nyinyi vijana wa studio za siku hizi, mnaingiza filamu kwa mashine, mnaagiza chai, na kabla chai ipoe picha thelathini na sita zimetoka, ziko na rangi kuliko leso. Hebu vuteni stuli hapa. Mimi sikusoma. Shule niliipita tu nikienda kuchunga mbuzi, na mbuzi ndio walisimama kusikiliza mwalimu. Lakini nimepiga picha ya kila kitu iko Makueni na nusu ya Kitui. Harusi, matanga, ng'ombe za mahari, chifu akiwa amelala, chifu akiwa ameamka. Na nimepiga picha chini ya bahari. Ndio, mimi Mutisya wa Emali, mahali mto ni mchanga na samaki tulikuwa tunamjua kwa mkebe.

Chekeni tu. Hata samaki walicheka.

Aliyenifundisha ni Fundi Athmani. Huyo alikuwa mtu wa Mombasa, alikuja Emali miaka ya sitini akafungua studio karibu na stesheni, akasema atakaa mwaka moja aone vile kunaendelea. Alikaa mpaka akajua kutukana na Kikamba bila kukosea hata mahali moja. Nilimwendea nikitafuta kazi ya kufagia. Akaniuliza, "Waweza kukaa gizani saa nzima bila kugusa kitu?" Nikasema naweza. Akanifungia kwa chumba ya giza saa nzima. Nikagusa kila kitu. Akatoka na mimi nje, mikono yangu imekuwa rangi ya kahawia na dawa, akaniangalia, akasema, "Angalau hukuvunja." Nikaajiriwa.

Sheria ya kwanza ya studio ilikuwa miguu. Siku hizo ukikata mtu miguu kwa picha umemtukana yeye na ukoo wake. Mzee moja wa Sultan Hamud alirudisha picha yake akiwa na rungu. "Viatu yangu iko wapi? Unafikiri nilivaa viatu kwa sababu ya miiba?" Kwa hivyo sisi tulijua: mtu akisimama, unarudi nyuma hatua tatu, unarudi tena moja ya heshima, ndio unabonyeza. Hiyo tabia ilinikaa kwa damu. Tutaona vile ilinipeleka.

Sasa, kila Februari, bahari ikitulia, Fundi alikuwa anafunga studio wiki moja anaenda Shimoni. Huko alikuwa na rafiki, Nahodha Shee, mwenye boti ya injini ya kupeleka wazungu kupiga mbizi kwa matumbawe. Yale matumbawe ni mawe ya baharini, lakini ni mawe yenye maisha, yanamea kama kabichi. Fundi alijifunza kuzama huko, akajitengenezea kasha ya chuma ya kuvalisha kamera, kioo mbele, vifungo pembeni. Ilichomelewa hapa hapa Emali kwa gereji ya malori. Ilikuwa nzito mpaka ukiiweka kwa meza, meza inakohoa.

Nikamwomba anipeleke. Akasema, "Siendi na mtu asiyejua kuogelea." Akanipeleka chemchemi za Kibwezi nijifunze. Watu walitoka shambani kuja kuangalia Mkamba akizama kwa hiari yake. Nilizama mara arobaini. Mara ya arobaini na moja nikaelea, kwa sababu maji yote nilikuwa nimeshaimeza na haikubaki mahali pa kuzama.

Mara ya kwanza chini ya bahari, tangi ya hewa mgongoni, miwani kubwa usoni, nilisikia kelele kama mbuzi wakitafuna mabua ya mahindi. Nikafikiri nimekufa na mbuzi zangu zimenifuata. Kumbe ni samaki anaitwa pono, anatafuna mawe na mdomo kama wa kasuku. Nikacheka. Vijana, msicheke chini ya maji. Nilikunywa chumvi mpaka nilivyorudi nyumbani mke wangu hakuweka chumvi kwa mboga mwezi mzima, nilikuwa napumua tu kwa sufuria.

Nikapewa kamera. Nikaona samaki mzuri, mistari ya manjano. Nikafanya kazi vile nilifundishwa: nikarudi nyuma hatua tatu, na moja ya heshima, mpaka mkia iingie. Thelathini na sita, zote hivyo. Tukasafisha filamu na dawa. Fundi akashika picha moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mutisya, hii ni nini?"

"Ni samaki, Fundi. Mzima, na mkia yake."

"Hii ni blanketi la hospitali."

Ndio nikajua. Maji inakula picha. Ukiwa mbali inaimaliza yote, inakuachia ukungu. Chini ya maji unaenda karibu, halafu ukishaona aibu kwa vile uko karibu, unaenda karibu tena. Mkia achana nayo, samaki hatakuja na rungu.

Hayo ni makosa madogo. Kubwa nakuja nayo sasa, na sijawahi kuisimulia bila kufuta jasho.

Fundi alianza kupotelewa na macho. Ilianza polepole, akawa anakosea wateja, anaambia bwana arusi "mama, inua kidevu". Daktari akamwambia ukweli: mwaka haitaisha kabla macho izime. Kwa sasa kitu ya karibu kabisa, kwa mwanga mzuri, angeona kidogo. Kitu ya mbali, basi. Hakulia. Aliniambia tu, "Mutisya, Februari hii twende. Nina mtu wangu kule sijammaliza."

Huyo mtu ni tewa. Tewa ni samaki mkubwa wa kukaa pangoni, huyu alikuwa mkubwa kama ndama wa miezi sita, na mimi hapo siongezi, sana sana nimepunguza. Alikaa kwa pango moja kwa mwamba. Fundi alimfuata miaka kumi na minne. Kila mara akifika, yule tewa anageuka, anampatia matako. Fundi alikuwa na picha za matako ya yule samaki zinajaa sanduku. Uso, hata moja. Hapo Emali watu walikuwa wanamwuliza, "Fundi, shemeji yako amegeuka?" Anacheka. Lakini mimi nilimjua, ilikuwa inamuuma.

Tukaenda. Siku ya kwanza, siku ya pili, tewa ni matako tu. Jioni ya siku ya pili, kazi yangu ilikuwa kuosha ile kasha na maji tamu. Kila jioni Fundi alikuwa amesema, ndoo nzima, kasha ilale ndani iloweke, chumvi itoke kwa mpira ya mlango. Hiyo mpira ni nyembamba kama uzi wa kiatu, ndio inazuia bahari isiingie kwa kamera. Chumvi ikikauka hapo inakuwa mchanga, na punje moja tu inafungulia bahari dirisha.

Vijana, nisikilizeni. Mimi nimezaliwa mahali mama anatoka na punda saa kumi alfajiri, anachimba mchanga ya mto mpaka kiunoni, anangoja maji ijikusanye kama mtu anangoja mtoto azaliwe, anarudi jua imepanda. Kwetu maji ya kunawa uso ndiyo ya kuosha miguu, halafu ndiyo ya kuku. Sasa mtu ananiambia nichukue ndoo nzima, maji safi ya kunywa, niogeshe chuma. Hata Shimoni yenyewe maji tamu ilikuwa inabebwa kutoka mbali. Nilisimama na ile ndoo. Mkono ikakataa. Naapa, mkono ilikataa yenyewe. Nikachota kikombe moja, nikamwagia ile kasha juu kama ninabatiza mtoto, nikapangusa na shati. Maji ile ilibaki kwa ndoo nikampelekea mama mpishi wa pale tulilala, akanibariki.

Asubuhi tukazama. Fundi ndiye alikuwa na kamera. Tukafika kwa pango. Na siku hiyo, sijui ni nini, yule tewa akatoka. Mimi nilikuwa nyuma ya Fundi, niliona flashi ikiwaka, ikiwaka, ikiwaka. Fundi alikuwa karibu mpaka wangeweza kubusiana. Nikasema na roho yangu, ameipata!

Halafu nikaona mapovu madogo madogo yanatoka pembeni ya kasha.

Tulipanda kwa boti. Nahodha Shee akasaidia kuinua ile kasha, akaitikisa. Ikalia tchwa, tchwa, kama nazi.

"Maji yameingia," Fundi akasema. Hakupiga kelele. Heri angepiga. "Mutisya. Jana uliosha?"

"Niliosha, Fundi."

"Kwa maji kiasi gani?"

Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Kikombe."

Nahodha Shee akashika kichwa. "Lailaha! Kikombe? Wewe ulikuwa waosha kamera ama wampa kifaranga maji?"

Fundi alikaa chini. Akaangalia bahari, na najua hakuwa anaiona. Halafu akasema, "Leteni themosi. Mwageni chai."

Hii shikeni, itawasaidia. Filamu ikiingia maji ya chumvi, usiikaushe. Ikikauka inajishika yenyewe kama chapati mbichi, huifungui tena. Unairudisha kwa mkebe yake, unaitumbukiza kwa maji tamu, na inakaa na maji mpaka uisafishe. Siku mbili inaweza kungoja. Kukauka haiwezi kungoja hata dakika. Tukaiweka kwa themosi, Fundi akaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Kamera yenyewe tulitupa.

Mombasa tulijaribu fundi moja wa studio. Akaangalia ile themosi kutoka mlangoni kama ina ndui. "Na chumvi yake? Itaniharibia dawa zangu. Nendeni nayo kwenu." Tukalala kwa dada yake Fundi, tukabadilisha maji ya themosi, tukajaza mtungi wa lita ishirini kwa ajili ya kazi, kwa sababu Emali bomba ilikuwa imekauka tangu mvua ya Novemba ikatae. Filamu inasafishwa na dawa, lakini inaoshwa na maji, mingi. Asubuhi tukashika barabara, mimi nikiendesha ile pikapu ya Pijo, Fundi na themosi katikati ya magoti.

Makindu tulisimama kwa hekalu ya Makalasinga, tukala chapati na dengu kama wasafiri wengine. Wakatuuliza kama tunataka maji. Nikasema na madharau, "Tuko nayo!" Nilijigonga kifua kabisa.

Tulipita Kiboko kidogo tu, radieta ikapasuka paipu. Moshi! Nyani walikimbia wakifikiri ni treni imekosa njia. Nikafunga paipu na kipande ya tyubu. Lakini radieta ilikuwa kavu kama ulimi yangu. Nikaangalia mtungi. Nikaangalia Fundi. Nilijitolea kutoa ile maji mtu anatoa mwenyewe kichakani, lakini jua ilikuwa imeshaichukua yote.

"Mimina mtungi," Fundi akasema.

"Fundi, hiyo ni ya kuosha filamu."

"Mimina. Themosi usiguse."

Ile gari ilikunywa lita ishirini na ikakaa kama inataka ya kuongeza. Tukafika Emali saa nane mchana, filamu iko hai, na tone ya kuiosha hakuna.

Kwa foleni ya maji pale stesheni, madebe yalikuwa yamepangwa mpaka karibu Loitokitok. Watu walikuwa wamengoja tangu jana. Kulikuwa na nyumba moja tu nilijua iko na maji. Yangu. Mke wangu, Mama Ndinda, alikuwa ameenda mtoni na punda siku mbili mfululizo, amejaza madebe mbili, na nilijua ni za nini. Kesho yake akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwake kwa maombi na chai. Mwaka mzima alikuwa anangoja zamu yake.

Nikamwambia Fundi, "Mimi siwezi kuuliza. Nitachinjwa." Akaniambia nimwongoze mpaka mlangoni.

"Hodi, Mama Ndinda."

"Karibu, Fundi. Mbona mmekaa kama mmetoka kwa kaburi?"

Fundi akamwambia yote. Macho yake, tewa, miaka kumi na minne. Kikombe yangu hakuitaja, nikamshukuru Mungu. Mama Ndinda akasikiliza, mikono kwa kiuno.

"Sasa nielewe. Huyo samaki amekaa ndani ya maji maisha yake yote, na bado anataka yangu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Aka! Na kamera iliingia maji kwa nini?"

Fundi angenificha mpaka leo. Lakini alikuwa anasimama pale kofia mkononi, anaomba maji kwa ajili ya makosa si yake. Nikasema, "Mama Ndinda, ni mimi. Nilipewa ndoo nioshe, nikatumia kikombe. Niliona ni nyingi."

Akaniangalia kutoka kichwa mpaka viatu. Mimi nilikuwa nahesabu hatua mpaka barabarani. Halafu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Ndinda! Siku ile moja umehurumia maji, na bahari nzima iko hapo karibu! Hapa nyumbani unaoga kama nyati!" Akafuta macho. "Debe moja. Moja. Na mimi naenda nayo, siwaachii."

Akaibeba kwa kichwa mwenyewe mpaka studio. Nikaingia gizani, nikatoa filamu kwa themosi, nikaivingirisha kwa kale kakopo keusi kasikopitisha mwanga. Ilikuwa inateleza kama mlenda. Nikafunga kifuniko, nikawasha taa, nikatia dawa ya kwanza, dawa ya pili. Ikafika kuosha. Nikainua debe nimwage yote kwa beseni, vile tulizoea, iloweke. Mama Ndinda akanishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Naosha."

"Hiyo ni kumwaga. Lete hapa." Akachukua kikombe. Akajaza ile kakopo, akafunika, akaitikisa polepole, akamwaga. Akajaza, akatikisa zaidi, akamwaga. "Nguo ya mtoto unaioshaje kiangazi? Kidogo, unatikisa, unamwaga yote. Kidogo tena. Uchafu unatoka na kila kikombe. Wewe shida yako si kikombe, shida yako ni ulitumia moja."

Fundi alikuwa amekaa kwa pembe. Akasema, "Mutisya, miaka yote hii nimekosea mtu wa kuajiri katika nyumba hiyo."

Vikombe kumi na mbili tu, filamu ikawa safi. Mpaka nimestaafu nimeosha hivyo, filamu na kasha pia, na nyinyi muoshe hivyo. Zaidi ya nusu debe ilibaki, ikarudi nyumbani. Akina mama wa kanisa walikunywa chai nusu kikombe kila mtu, wakafikiri ni mtindo mpya wa Nairobi.

Tukatundika filamu ikauke usiku. Kesho yake mchana nikaiangalia kwa dirisha. Chumvi ilikuwa imekula. Mahali pengine ni madoa kama ukuta wa choo, mahali pengine imechunika kabisa. Katika zote thelathini na sita zilikuwa zimebaki nne, na kwa filamu tupu huwezi kujua ni nini hasa, nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe. Nikachagua moja niichape kwa karatasi.

Fundi akaingia kwa chumba ya giza, akasimama karibu na trei. Mama Ndinda alikuwa ameshawaaga akina mama wake. Akaingia na yeye. "Maji ni yangu, nitaona." Ile taa nyekundu ni hafifu, Fundi hakuweza kuona hata mkono yake. Nikaweka karatasi kwa dawa. Nikaanza kutikisa trei, na nawaambia ukweli, hapo mimi mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Mombasa, sauti ilikatika. Karatasi ilikuwa nyeupe. Ikabaki nyeupe.

"Kuna kitu?" Fundi akauliza.

Nikaendelea kutikisa trei.

"Ngoja," Mama Ndinda akasema. Akainama. "Kuna kitu inakuja. Ni jiwe... hapana. Ni mtu mzima. Amekasirika. Mdomo ya chini imetoka mbele, kama mzee ameambiwa nyama imeisha. Hapa kwa shavu iko alama, kama alikwaruzwa na mti. Jicho ni kubwa."

Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Jicho laangalia wapi, mwanangu?"

"Wewe," Mama Ndinda akasema. "Anakuangalia wewe."

Fundi akavua kofia yake, akainama pale juu ya trei, mpaka pua ikakaribia dawa.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Tukangoja. Kwa vile samaki hakujibu, Mama Ndinda akamjibia.

"Marahaba."